Giaboksi ya 'wavivu' iliyotikisa Safari Rally

MSOMAJI, hebu fanya jaribio dogo Jumapili ya leo. Nenda pale chini ya mti ambapo makanika wa mtaani kwenu hupumzika wakinywa chai, kisha uwaulize ni gari la aina gani linalomfaa dereva shupavu. Tisa kati ya kumi watakujibu bila kupepesa jicho kwamba ni gari la gia za mkono. Gari la otomatiki, watakuambia huku wakicheka, ni la wavivu, la wazee waliochoka magoti na la watu waliojifunza udereva wakiwa tayari na mvi.

Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi. Kilichonibadilisha ni masaibu yaliyompata kaka yangu mkubwa.

Kaka alinunua gari dogo lililotoka Japani, la otomatiki, akalifanya teksi. Gari hilo ndilo lililokuwa shamba lake na ndilo lililokuwa ng'ombe wake wa maziwa. Siku moja alilipeleka gereji, ambayo sitaitaja jina, libadilishwe oili. Kijana aliyelihudumia alichota oili kwenye pipa, akamimina, akafunga, akalipwa. Hakusoma popote ni oili gani inayotakiwa na giaboksi ile. Kaka naye hakuuliza.

Wiki tatu baadaye, kaka alikuwa akipanda mteremko wa Mai Mahiu kuelekea Nairobi jioni, akiwa na mkewe na watoto wawili, wakitoka matangani Narok. Ghafla injini ikaanza kunguruma kwa sauti kubwa lakini gari likawa halisongi. Alipokanyaga zaidi, ndipo lilipozidi kupiga kelele na kukaa pale pale. Harufu kama ya nywele zilizoungua ikajaa ndani. Giza likaingia, malori yakiwapita kwa nyuma, mkono huu ukuta wa mlima na mkono ule bonde.

Walinusurika, tunamshukuru Mungu. Lakini giaboksi ilikuwa imekwisha. Pesa za kununua nyingine zilikuwa zile zile zilizowekwa kwa karo, na kifungua mimba wake, aliyekuwa Kidato cha Pili, alikaa nyumbani hadi muhula ukakaribia nusu.

Fundi mmoja mzee aliyelifungua gari lile alichovya kidole kwenye oili iliyobaki, akainusa, kisha akamwonyesha kaka. Ilikuwa nyeusi kama masizi. "Mkubwa," akamwambia, "giaboksi hii haikufa kwa uzee. Imepikwa."

Neno hilo "imepikwa" lilinikaa moyoni. Nikaanza kuuliza na kusoma. Ikiwa giaboksi ya otomatiki inaweza kupikwa na gari dogo la teksi lenye abiria wanne, basi wale wanaoziunda kwa ajili ya magari ya mashindano hufanyaje? Niliyoyagundua ndiyo ninayokuletea leo, msomaji wangu, maana yana faida kwa kila familia yenye gari na kwa kila mwanafunzi anayeota kuwa fundi.

PASAKA YA MWAKA WA 1979

Tuanzie nyumbani. Wasomaji wenye umri wanaikumbuka Safari Rally ya Pasaka ya mwaka wa 1979. Mshindi alikuwa Shekhar Mehta, akiendesha Datsun 160J. Huyu ndiye mzaliwa wa Uganda aliyekuja kuwa fahari ya Kenya kwa kushinda Safari mara tano: 1973, 1979, 1980, 1981 na 1982.

Lakini ni nani aliyemfuata Mehta mwaka huo wa 1979? Alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, ndani ya Mercedes-Benz 450 SLC 5.0. Gari hilo lilikuwa kubwa, zito, la milango miwili, lenye injini ya silinda nane, aina ambayo watu walizoea kuiona ikiwabeba matajiri kwenda hotelini. Na giaboksi yake, msomaji, ilikuwa ya otomatiki, yenye gia tatu tu!

Usidhani ilikuwa bahati nasibu. Mwaka uliotangulia, 1978, magari ya aina hiyo yalikuwa yameshiriki mashindano marefu ya kuzunguka Amerika Kusini, na Andrew Cowan akaibuka mshindi. Mwaka wa 1980, Vic Preston Jr., dereva wetu wa Kenya, alimaliza wa tatu katika Safari akiwa ndani ya Mercedes hiyo hiyo.

Kilele chenyewe kilikuwa Desemba 1979 katika mashindano ya Bandama nchini Ivory Coast. Mercedes za otomatiki zilichukua nafasi nne za kwanza: Mikkola, Bjorn Waldegard, Cowan na Preston Jr., kwa mpangilio huo. Siku hiyo ndiyo iliyoamua bingwa wa dunia wa mwaka huo. Waldegard alitwaa taji kwa pointi moja tu mbele ya Mikkola.

Kwa nini kampuni iliyokuwa na wahandisi mabingwa ipeleke giaboksi ya "wavivu" katika matope na mawe ya Afrika? Sababu zipo. Katika gari la gia za mkono, kila dereva anapobadilisha gia, nguvu ya injini hukatika kwa muda mfupi kisha hurudi kwa kishindo. Kishindo hicho, kikirudiwa mara maelfu barabarani, huvunja shafti na meno ya gia. Otomatiki hupitisha nguvu kwa ulaini, bila kukatika. Katika utelezi, ulaini huo huyasaidia magurudumu kushika ardhi badala ya kuzunguka bure. Isitoshe, mikono yote miwili hubaki kwenye usukani, na mguu wa kushoto, usiokuwa na klachi ya kukanyaga, huwa huru kufanya kazi ya breki.

Sasa ili uelewe kazi ya fundi wa giaboksi hizi, sharti kwanza tuingie ndani yake. Usiogope, tutakwenda polepole.

BAKULI, JUA NA SAYARI

Giaboksi ya otomatiki ina sehemu kuu nne.

Ya kwanza mafundi huiita konveta. Fikiria feni mbili zimewekwa zikitazamana ndani ya bakuli lililofunikwa na kujazwa oili. Feni moja imefungwa kwenye injini, nyingine kwenye giaboksi. Ya injini ikizunguka huirusha oili, na oili hiyo huisukuma ile feni ya pili. Hakuna chuma kinachogusa chuma. Ndiyo maana gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye taa za barabarani likiwa ndani ya gia bila injini kuzima. Katikati ya feni hizo mna gurudumu la tatu dogo ambalo huielekeza oili inaporudi, na hilo ndilo linaloongeza nguvu ya kusukuma gari linapoanza kuondoka. Wazo hili lilibuniwa na Mjerumani Hermann Fottinger mwaka wa 1905, tena kwa ajili ya meli wala si magari.

Ya pili ni gia zenyewe, ambazo zimepangwa kama jua na sayari zake. Katikati mna gia moja, ndiyo jua. Kuizunguka mna gia ndogo ndogo, ndizo sayari. Nje ya zote mna pete kubwa yenye meno upande wa ndani. Ukiizuia pete isizunguke, unapata mwendo fulani. Ukiizuia jua, unapata mwendo mwingine. Ukizizuia sayari zisitembee, gari linarudi nyuma. Na ukizifunga zote pamoja, zinazunguka kama kitu kimoja.

Ya tatu ni vile vitu vinavyozuia na kuachilia gia hizo, yaani klachi za ndani na mikanda ya chuma. Klachi hizi ni sahani nyembamba zilizopangwa kama chapati, moja ya chuma, nyingine yenye ngozi ya msuguano, hivyo hivyo hadi mwisho. Oili yenye msukumo ikizibana, zinashikana. Msukumo ukiondolewa, zinaachana.

Ya nne ni boksi la vali, ambalo ndilo ubongo. Ukilifungua utaona vijia vingi vilivyopindapinda kama vichochoro vya Mji wa Kale kule Mombasa. Oili hupita humo na kuamua klachi gani ibane na gani iachie. Katika magari ya siku hizi kompyuta huuamrisha ubongo huo, lakini kazi bado hufanywa na oili.

Umeona basi, msomaji? Oili ndiyo hupitisha nguvu, ndiyo hubana klachi, ndiyo hulainisha na ndiyo hubeba joto. Ni damu, tena ni misuli. Ukikosea oili umekosea kila kitu.

KUTOKA VIFARU HADI MBIO FUPI

Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kuuzwa kwa wingi ilitoka katika kampuni ya General Motors ya Marekani mwaka wa 1939, ndani ya magari ya Oldsmobile ya mwaka wa 1940. Iliitwa Hydra-Matic na ilikuwa na gia nne. Vita Vikuu vya Pili vilipochacha, giaboksi hiyo ilitiwa katika vifaru vya jeshi la Marekani, navyo vikaenda nayo vitani.

Vita vilipokwisha, vijana wa Marekani walianza mchezo wa mbio fupi: magari mawili yanasimama sambamba, taa ikiwaka yanafyatuka, na wa kwanza kumaliza robo maili, yaani mita 402 hivi, ndiye mshindi. Katika miaka ya 1950 mafundi wa California waligundua kwamba Hydra-Matic, ikifunguliwa na kuimarishwa, huliondoa gari kwa namna ile ile kila mara, bila kutegemea kama mguu wa dereva umetetemeka au la. Kazi ya kuunda giaboksi za mashindano ikazaliwa hapo.

Ajabu ni kwamba giaboksi iliyopendwa zaidi na mafundi hao hadi leo ni ya gia mbili tu. Inaitwa Powerglide, ambayo General Motors iliitengeneza kuanzia mwaka wa 1950 hadi 1973 kwa ajili ya magari ya kawaida ya familia. Kwa gari jepesi lenye injini yenye nguvu nyingi kupita kiasi, gia mbili zinatosha. Kubadilisha ni mara moja tu, na vitu vya kuvunjika ni vichache. Kiwanda kiliacha kuitengeneza zaidi ya miaka hamsini iliyopita, lakini viwanda vidogo vya vipuri vya mashindano bado hutengeneza kila kipande chake upya, hata kasha lake la nje.

MEZANI PA FUNDI

Hebu sasa tusimame kando ya meza ya fundi wa giaboksi za mashindano na kumtazama akifanya kazi.

Kabla ya kufungua chochote, yeye huchunguza sinia la chini lililokuwa na oili. Sinia hilo humsimulia ugonjwa. Akikuta unga mweusi, anajua sahani za klachi zimeungua. Akikuta vichembe vya chuma vinavyong'aa, anajua meno ya gia au beringi zimeanza kuliwa.

Kisha huosha kila kitu. Si kuosha kwa kupitisha tu. Vali za ndani zimekaa katika matundu yaliyobana sana, na hata uzi mmoja wa kitambaa ukiingia humo vali hukwama. Kwa hiyo fundi hodari hafuti vipuri kwa matambara yenye nyuzi. Hukausha kwa upepo wa mashine.

Baada ya hapo huondoa shafti ya kiwandani na kutia nyingine ya chuma kigumu zaidi, maana ile ya familia iliundwa kwa ajili ya kwenda kanisani na sokoni. Huongeza idadi ya sahani za klachi ili mzigo ugawanywe kwa nyingi. Sahani hizo hulowekwa kwanza ndani ya oili, kama unavyoloweka maharagwe kabla ya kupika, kwa sababu zikifungwa zikiwa kavu zitaungua dakika za kwanza tu.

Halafu hupima nafasi iliyobaki kati ya sahani. Wengi hufuata kanuni ya karibu robo ya milimita kwa kila sahani ya msuguano. Nafasi ikizidi, klachi itachelewa kushika na kuteleza. Ikipungua, sahani zitaburutana hata zikiwa zimeachiliwa, na kuburutana ni joto. Kazi ya saa nzima inaweza kurudiwa kwa sababu ya unene wa karatasi chache.

Kuna vipande vidogo ambavyo huanguka wakati wa kuunganisha. Fundi wa pupa angevishikiza kwa grisi. Fundi mjuzi hutumia mafuta mazito ya kujipaka, yale yale ambayo mama humpaka mtoto baada ya kuoga! Sababu ni kwamba mafuta hayo huyeyuka ndani ya oili ya moto na kutoweka, ilhali grisi ingeziba vijia vya oili.

Kisha huja msukumo wa oili. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi. Ndani ya giaboksi ya mbio fupi, fundi huupandisha msukumo wa oili hadi pauni 200 au zaidi, ili sahani zishikane kwa nguvu na papo hapo. Kushikana polepole kunampendeza abiria wa kawaida kwa sababu hahisi mshtuko, lakini muda huo wa kuteleza ndio unaozaa joto.

Boksi la vali nalo hubadilishwa ili dereva mwenyewe, wala si giaboksi, aamue saa ya kubadili gia. Na hapo mafundi wameongeza ujanja mmoja wa ajabu. Dereva akibonyeza kitufe akiwa katika mstari wa kuanzia, giaboksi hushika gia ya kwanza na gia ya kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Gari haliwezi kwenda mbele wala nyuma, hata injini ikinguruma kwa mizunguko 5,000 kwa dakika. Taa ikiwaka, dereva anaachilia kitufe, gia ya kurudi nyuma inatoka, na gari linafyatuka kama jiwe kwenye manati.

Mwisho, kabla ya kuifunga, fundi huingiza upepo katika kila tundu la oili na kutega sikio. Kila klachi ikifanya kazi hutoa mlio mfupi: tup! Asiposikia mlio huo, anafungua tena. Hakuna njia ya mkato.

BIRIKA THEMANINI

Nimelitaja joto mara nyingi, na sasa acha nikueleze kwa nini. Mercedes ile ya 450 SLC 5.0, kabla hata ya kuongezwa nguvu kwa ajili ya mashindano, ilikuwa na nguvu za farasi 240. Hizo ni sawa na kilowati 176 hivi. Sasa chukulia gari limekwama, breki zimeshikwa, na dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho. Magurudumu hayazunguki. Nguvu ambayo injini inaitoa wakati huo inakwenda wapi? Yote hugeuka kuwa joto ndani ya oili ya konveta. Kama injini ingeweza kutoa nguvu zake zote hapo, ingekuwa kama kutumbukiza ndani ya galoni chache za oili birika za umeme themanini na ushei, kila moja ya kilowati mbili, na kuziwasha zote kwa pamoja!

Ndiyo maana dereva wa mbio fupi hukibonyeza kile kitufe kwa sekunde chache tu. Na ndiyo maana fundi hufunga rejeta ya pekee ya kupoza oili ya giaboksi, mbali na ile ya maji ya injini. Oili ikizidi joto kwa muda mrefu huharibika, sili za mpira hukauka na kupasuka, msukumo hushuka, sahani huanza kuteleza, na kuteleza huongeza joto zaidi. Ni mduara wa mauti. Mduara huo ndio uliomkuta kaka yangu pale Mai Mahiu. Oili isiyofaa ilifanya sahani ziteleze, mlima ukamaliza kazi.

Hata wakubwa wameonja shubiri hiyo. Mmarekani Jim Hall wa Midland, Texas, alijenga magari ya mashindano yaliyoitwa Chaparral, yenye konveta na bila kikanyagio cha klachi. Mwaka wa 1965, yeye na mwenzake Hap Sharp walishinda mashindano ya saa 12 ya Sebring katika siku iliyonyesha mvua kubwa ajabu, ambapo ulaini wa kupitisha nguvu si jambo dogo. Mwaka uliofuata, kwa kuwa mguu wa kushoto ulikuwa hauna kazi, Hall aliupa kikanyagio cha kuinua na kulaza bawa kubwa lililokuwa nyuma ya gari.

Lakini injini zilipokuwa kubwa zaidi, giaboksi ilianza kulia. Mwaka wa 1967 Chaparral 2F ilikuwa na kasi ya kutisha, ila iliishia njiani mara kadhaa, zikiwemo mbio za saa 24 za Le Mans, kwa sababu ya giaboksi. Ilipovumilia hadi mwisho, pale Brands Hatch nchini Uingereza mwezi wa Julai, Phil Hill na Mike Spence walishinda. Gari lilikuwa lile lile na madereva walikuwa wale wale. Tofauti ilikuwa giaboksi kufika nyumbani.

KOMPYUTA YAINGIA UWANJANI

Katika magari ya langalanga ya Formula One, njia ilikuwa nyingine. Mwaka wa 1989 Ferrari ilileta gari lililobuniwa na John Barnard ambalo dereva alibadilisha gia kwa kuvuta vidude vilivyo nyuma ya usukani. Katika majaribio liliharibika kila mara, lakini Nigel Mansell alilishindisha katika mbio zake za kwanza kabisa, nchini Brazil. Leo vidude hivyo vimo hata katika magari ya kuendea kazini.

Kati ya mwaka wa 2001 na 2003, kompyuta iliruhusiwa kubadilisha gia yenyewe katika Formula One, dereva asiguse chochote. Mwaka wa 2004 ikapigwa marufuku, kwa hoja kwamba kipaji cha dereva ndicho kinachostahili kushindanishwa. Kadhalika, magari ya daraja la juu yaliyokuja Naivasha kwa Safari Rally tangu mwaka wa 2022 yalitakiwa kubadilishwa gia kwa mkono, kwa sehemu ili kupunguza gharama.

Je, ina maana kuwa otomatiki imeshindwa? La hasha! Mwaka wa 2024 Toyota ilianza kuuza GR Yaris, gari dogo lililotokana na uzoefu wake wa mashindano ya rally, likiwa na chaguo la giaboksi ya otomatiki ya gia nane. Na katika mbio fupi za Marekani, Powerglide ya babu zetu bado inafyatuka kila wikendi.

FUNZO KWA FAMILIA

Huenda unajiuliza, "Mwandishi, mimi sina Mercedes ya rally wala siendi Texas. Yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani ni ya otomatiki, na fundi wa mashindano anapigana na maadui wale wale wanaolivizia gari lako: joto, uchafu na oili isiyofaa. Basi zingatia haya.

Kwanza, oili. Soma kitabu cha gari au maandishi yaliyo kwenye kijiti cha kupimia. Oili ya otomatiki si moja. Na kama gari lako lina giaboksi ile ya mkanda isiyokuwa na gia za hatua, ambayo ni ya kawaida katika magari madogo ya siku hizi, oili yake ni nyingine kabisa. Usikubali kumiminiwa oili ya pipa ambalo hujui lilikotoka. Simama pale, soma mkebe, uone ukifunguliwa.

Pili, simama kabisa kabla ya kutoka gia ya mbele kwenda ya kurudi nyuma. Kulazimisha gari likiwa bado linatembea ni kuzichubua sahani.

Tatu, mteremkoni usitie nyutro eti unaokoa petroli. Tumia gia ya chini ili injini isaidie breki. Wanaopita Mai Mahiu na Salgaa wanajua jinsi breki zinavyoweza kumsaliti mtu.

Nne, ukikwama matopeni usikanyage mafuta kwa dakika nyingi magurudumu yakiwa yamekataa. Kumbuka zile birika themanini. Shuka, tafuta mawe, omba watu wasukume.

Tano, gari likiharibika usikubali livutwe kwa kamba masafa marefu magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili haifanyi kazi, na gia huzunguka bila kulainishwa. Liite gari la kubebea.

Nawe mwanafunzi unayelalamika kwamba fizikia haina maana, yaangalie tena yale unayofundishwa darasani kuhusu msukumo wa maji, nguvu ya mzunguko na msuguano. Yote yamo ndani ya kasha moja la aluminiamu chini ya gari. Mafundi wa kubadilisha giaboksi nzima ni wengi. Walio na subira ya kuifungua, kuiosha, kuipima na kuifunga upya ni wachache, na kazi inawangoja.

Kaka yangu bado ni dereva wa teksi. Bintiye alirudi shuleni na akamaliza Kidato cha Nne. Siku hizi kaka hamruhusu mtu yeyote kuligusa gari lake kabla hajausoma mkebe wa oili kwa sauti, neno kwa neno, kama mzee wa kanisa asomaye matangazo. Vijana wa gereji humcheka. Yeye husoma hadi mwisho, kisha ndipo husema, "Haya, mimina."